Mgeni wa Muktar

Mbuvi alisimulia kifo cha Kisilu kwa mara ya tatu, na mara hiyo pia hakubadilisha hata neno moja. Hilo ndilo lililomkera Inspekta Ndungu. Katika miaka yake ya upelelezi alikuwa amewasikiliza watu wengi waliotoka kwenye risasi, na hakuna hata mmoja aliyesimulia kwa mpangilio. Huanzia mwisho, hurudi nyuma, huhuzunikia kofia iliyoanguka na kumsahau maiti. Mbuvi alisimulia kama mtoto anayekariri katekisimu mbele ya padri.

"Tulivuka Liboi asubuhi," alisema, mikono juu ya magoti. "Gari ilikuwa ya watu wa Ahmednur, na askari wawili wa kukodisha, wale wa bunduki. Tukapita Dobley. Hapo mbele wamelaza mti kwa barabara. Wakatoka kwa msitu. Hao askari wetu wakashuka, wakaongea na hao wengine Kisomali, wakacheka. Hapo ndio nilijua tumeuzwa. Wakamvuta Kisilu. Nikasikia risasi. Mimi nikakimbia."

"Na maiti?"

"Ilibaki, afande. Ningeibeba na nini?"

"Ulirudije?"

"Kwa miguu mpaka Liboi. Halafu nikapata lori ya ng'ombe."

Ndungu alifunga faili. Nje ya dirisha jua la Kitui lilikuwa limeshaanza kuchoma mabati, na saa nne haijagonga.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Kisilu alikuwa mfanyabiashara wa ndengu wa Migwani, na Mbuvi rafiki yake tangu utotoni. Mwaka ule wa tisini na mbili Somalia haikuwa na serikali, na palipo na njaa chakula hakikosi mnunuzi. Kisilu alitangaza kwamba ndengu zake atazipeleka mwenyewe hadi Kismayu. Kanisa lilimwombea, mbuzi akachinjwa, watu wakamsindikiza hadi barabarani kwa nyimbo. Magunia yalitangulia Garissa kwa lori la mifugo lililokuwa likirudi tupu, yeye na Mbuvi wakafuata kwa basi. Mbuvi alirudi peke yake.

Aliyepanga ile safari ni Ahmednur, mwenye duka la Migwani. Alizaliwa hapo hapo, akasoma hapo hapo, na Kikamba chake kilikuwa bora kuliko cha chifu. Lakini habari ya Mbuvi ilipofika sokoni, watu walikumbuka ghafla kwamba ni Msomali. Duka lilipigwa mawe. Polisi walimchukua, kwanza kwa usalama wake, baadaye kwa sababu mkubwa wa Ndungu aliona ni rahisi zaidi kumshtaki kuliko kumlinda. Jumatatu angepelekwa kortini kwa kula njama ya kuua. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Ndungu alishapiga simu ya upepo Liboi. Walimjibu kwamba watu wanavuka kwa maelfu wakikimbia vita, na hakuna anayewauliza majina.

Alinunua chai vikombe viwili kwenye kibanda cha nje, akashuka nayo seli. Ndungu alikuwa mtu wa Murang'a. Huu ulikuwa mwaka wake wa tatu Kitui, akiishi katika nyumba ya serikali yenye kitanda kimoja na kiti kimoja. Kiti cha pili hakuwahi kukihitaji. Kunywa chai na mfungwa hakukumsumbua hata kidogo, na ukweli ni kwamba alikuwa ameanza kuitazamia chai hiyo.

"Mzee Ahmednur," alisema, akampitishia kikombe kwenye nondo. "Kisilu alikuja kwako kabla ya safari. Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia yote. Alikaa dukani kutwa nzima, Nadifa akitupatia chai." Nadifa alikuwa mkewe. "Nikamwambia, saa uache nyumbani. Viatu vipya uache. Kamera usiguse. Adhuhuri ikipita usitembee, maana wenye bunduki wakishatafuna miraa hawasikii neno. Usiku lala na viatu, mgongo kwa ukuta, mkoba umefunga kwa mguu. Na la mwisho ndilo kubwa. Kila kizuizi, kabla hujaulizwa, sema wewe ni mgeni wa nani."

"Wa nani?"

"Wa Muktar. Shemeji yangu, yuko Liboi. Kwetu mtu kama huyo anaitwa abbaan. Ni mwenyeji wako na ni ngao yako. Ukishakunywa chai yake, anayekugusa amemgusa yeye na ukoo wake wote."

"Na mgeni akiuawa?"

"Hapo ndipo maneno yanaanza. Wazee wanakuja, wa upande huu na wa ule. Ngamia wa fidia wanatajwa. Hata sasa na hivi vita, watu wamepigana kwa ajili ya mgeni mmoja tu. Ni aibu isiyolala, Inspekta."

"Hao wazee wameshakuja?"

Ahmednur alikizungusha kikombe mkononi. "Hawajakuja. Muktar hajatuma hata salamu. Hilo ndilo linaninyima usingizi, siyo hii sakafu yenu. Nimesema pengine Muktar naye amekufa. Lakini nimeshamtuma Nadifa kwa Mama Kaluki. Nimemwambia, kama ni kweli mume wake amekufa mikononi mwetu, ngamia tutatoa."

Mama Kaluki ndiye Kavata, mke wa Kisilu.

"Atafanya nini na ngamia Migwani?"

"Hiyo ni shida yake. Yangu ni kutoa."

Walitazamana, na wote wawili wakacheka kidogo, kicheko cha watu ambao hawajacheka siku nyingi.

"Mbona hukuniambia haya tangu mwanzo?" Ndungu aliuliza.

"Uliniuliza kama nilimuuza. Kama nilimlinda hukuniuliza."

Ndungu alipanda ngazi polepole. Alikuwa ametumia siku nyingi akitafuta sauti katika ile nchi, bunduki, gari, jina la jambazi. Hakufikiria kuuliza kwa nini palikuwa kimya. Mgeni akiuawa huko, kelele zingefika Migwani kabla ya Mbuvi. Kimya kile kilikuwa na maana moja tu: Muktar hakuwa na mgeni wa kumlilia. Mbuvi alidhani nchi isiyo na serikali ni shimo, unatupa jina la mtu ndani na hakuna anayeuliza. Hakujua kwamba huko wanauliza kuliko Kitui.

Mbuvi aliletwa tena. Ndungu hakufungua faili.

"Pale kizuizini mlisema ninyi ni nani?"

"Tulisema sisi ni Wakenya."

"Halafu?"

"Wa ndengu. Wa kutoka Kitui."

"Mkataja jina la nani?"

Mbuvi alipepesa macho. "Jina ya nani, afande?"

"Na Liboi, nani aliwapa chai?"

"Tulinunua kwa hoteli."

"Hoteli gani?"

"Ile ya... ile iko kwa barabara."

"Mbuvi," Ndungu alisema, "wewe hujawahi kufika Liboi."

Mbuvi hakukana. Aliinamisha kichwa hadi paji la uso likagusa meza, na aliposema tena, ule usemi wa katekisimu ulikuwa umekwisha.

"Tulifika Garissa tu, afande. Kuna lori ilikuwa imerudi kutoka huko. Imetobolewa yote, hata kiti ya dereva. Wanaiosha. Kisilu akasimama akaangalia hiyo maji. Gari yetu ikaita watu, yeye hakupanda. Nikamwambia twende, akasema miguu imekataa. Ndengu tukauzia watu wa hapo. Nikamwambia basi turudi nyumbani. Akasema nyumbani hawezi. Wamemwombea, wamemchinjia. Akaniambia wewe nenda, sema nimetangulia."

"Ukasema?"

"Nilisema! Nilifika kwao, mama yake akaniuliza, mwenzako yuko wapi? Nikasema ametangulia. Akaniuliza, umemwacha aende huko peke yake? Wote wakaniangalia. Kwetu mtu akitoka na mwenzake anarudi na mwenzake. Kuna mmoja akatema mate chini. Nikaona heri afe."

"Ukamuua kwa mdomo."

"Kwa mdomo tu, haki ya Mungu."

"Na Ahmednur je? Alikukosea nini?"

"Si wangeniuliza mbona wewe ulibaki? Ilibidi kuwe na mtu ametuuza."

Ndungu alimchukia kidogo, na alijua hasira hiyo haina faida. Tena hakumwamini. Mtu aliyedanganya vizuri mara tatu anaweza kudanganya vizuri mara ya nne. Wawili walikwenda Garissa, mmoja akarudi, na huyo mmoja alikuwa tayari na jeneza mdomoni. Kwa nini lisiwe jeneza la kweli?

Mkubwa wake aliona hivyo pia, ila kwa njia yake. "Maiti ni maiti," alisema bila kuinua macho, "iwe ya Dobley ama ya Garissa. Huyo wa duka anabaki ndani. Niletee mtu, Ndungu, usiniletee fikira."

Jumamosi asubuhi Ndungu aliendesha Landrover peke yake hadi Migwani. Duka la Ahmednur lilikuwa limefungwa kwa mbao, na juu ya mbao mtu alikuwa ameandika kwa makaa neno la kuwafukuza wenye duka. Nadifa alikuwa uani akianika nguo. Hakusalimia.

Nyumbani kwa Kisilu, Kavata alimpokea kivulini, nyuma ya jiko. Alikuwa mwanamke mrefu, mchache wa maneno, na mikono yake haikukoma kusuka kiondo hata alipokuwa akimwonyesha mgeni kigoda. Kiondo kilikuwa kikubwa, kimebakiza vidole vichache kufika mdomoni.

"Mama Kaluki, pole tena. Nimekuja na swali kuhusu Garissa."

"Garissa sijui. Sijawahi kufika."

Aliuliza maswali yake, naye akajibu kwa ndiyo na hapana. Kisilu alikuwa na maadui? Hapana. Waliwahi kugombana na Mbuvi? Hapana. Mbuvi alikuja matangani? Ndiyo, alichimba shimo la taka na akalia kuliko ndugu wa Kisilu. Ndungu alikuwa amekata tamaa na anatafuta kofia yake alipotazama kile alichokuwa amekikanyaga nusu. Kilikuwa kifungu cha katani.

Aliinama akakishika. Alikuwa ameishi Ukambani muda wa kutosha kujua katani ya pale. Wanawake hukata mkonge wa kando ya shamba, huparuza jani kwa panga juu ya ubao, na nyuzi hutoka fupi, zenye ukijani na harufu. Hii ilikuwa nyeupe na ndefu kama mkono wa mtu mzima, imechanwa kwa mashine ikalainika. Katani ya namna hiyo ni ya mashamba makubwa, kule chini Kibwezi, kwenye barabara ya Mombasa.

"Hii umenunua sokoni?"

"Hiyo haiuzwi hapa."

"Ilitoka wapi, basi?"

Kavata alisuka mstari mzima kabla ya kujibu. "Nililetewa na kondakta wa basi. Alisema mzigo wa Mama Kaluki."

"Nani alituma?"

"Sikuuliza."

"Ilikuja lini?"

"Matanga ilikuwa imeisha."

Ndungu aliketi tena kwenye kigoda. "Mzee Kisilu alikuwa akifanya biashara upande wa Kibwezi?"

"Zamani. Kila akirudi alikuwa analeta moja kama hiyo. Leso hajawahi kuleta, sukari hajawahi kuleta. Hiyo tu." Mikono ilisimama kwa mara ya kwanza. "Inspekta, wewe ulikuja matanga. Uliona vile nililia. Nililia mpaka sauti ikapotea. Halafu hiyo ikaja. Sasa niseme nini? Niende soko niseme bwana yangu ako hai lakini hataki kuja kwake?"

"Ahmednur yuko ndani, mama."

"Najua ako ndani!" Alifuta uso kwa kiganja. "Nadifa anapita hapa akienda kisima. Tulikuwa tunaenda pamoja, miaka yote, yeye mtungi wake na mimi wangu. Sasa anapita, na mimi naangalia chini. Nilijiambia ngoja, kiondo ikiisha atakuwa amekuja mwenyewe. Halafu nikaona nimeanza kusuka polepole."

Kuku aliparua vumbi karibu na miguu yao. Ndungu alitamani kumwambia neno la kumfariji, akamuuliza kondakta anapatikana wapi.

Kondakta alipatikana stendi, akila mahindi. Alikumbuka. Mzigo ulitoka Kambu, ukapitia Machakos. Aliyeutuma ni mtu mmoja wa kulinda malori, mpole, asiyeongea.

Kambu ni mbali. Jumapili Ndungu alishuka na barabara ya vumbi ya Mutomo na Ikutha, akavuka mto, akatokea Kibwezi kwenye lami, kisha akafuata njia ya Mombasa. Katika safari yote hakuna aliyepunga mkono ila wachungaji wawili, na wao walikuwa wakipungia gari. Redio ilishika kwaya kwa dakika chache, ikapotea.

Kambu madereva wa masafa marefu husimama kula nyama na kulala. Usiku, wakilala, lazima awepo mtu wa kukesha asije mwingine akafyonza dizeli au kukata turubai. Mchana walinzi nao hulala. Mama wa machungwa alimwonyesha Ndungu uwanja nyuma ya hoteli, palipokuwa na matrela matatu na watu watano au sita wamejilaza kivulini.

Hakuwa na picha ya Kisilu. Hakuihitaji. Wengine wote walikuwa wamelala kama wanavyolala watu wenye usingizi wa mchana, vifua wazi, viatu kando, midomo imeachama. Mmoja tu alilala akiwa amekaa, mgongo kwenye gurudumu, viatu miguuni vimefungwa kamba hadi juu. Kamba ya mkoba wake ilizungushwa kwenye kifundo cha mguu.

Ndungu alichuchumaa mbele yake, akasema polepole, "Mgeni wa Muktar."

Mtu yule alifumbua macho. Hakuruka, hakukimbia. Alitazama kofia, akatazama viatu vya Ndungu, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Ni wewe unatoka Kitui?"

"Ni mimi. Hapa Kambu unajikinga na nani, Kisilu?"

"Sijui." Alitazama mkoba mguuni. "Nilizoea. Nilijizoeza nyumbani kabla ya kwenda, Kavata akanicheka. Sasa nikivua viatu usingizi haukuji."

"Mbuvi alisema umekufa."

"Nilisikia. Dereva mmoja wa kwetu alipita hapa akisema huko Migwani wamelilia mtu wa ndengu. Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikamuuliza jina, akaniambia jina yangu."

"Na Ahmednur? Hilo ulisikia?"

Kisilu alianza kufungua kamba mguuni, akaacha.

"Nilisikia duka imepigwa mawe. Nilisema nitaenda kesho. Ikifika kesho nasema kesho. Afande, mtu akilia mbele yako unaweza kumwambia nyamaza. Lakini ameshakulilia, amemaliza, amefuta uso. Utamwambia nini? Nilikuwa nimeogopa, basi? Mtu mzima?"

"Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," Ndungu alisema. "Wewe kilio kimeenda kwako na woga unao. Na kingine kimeenda kwa Nadifa, ambaye hakukukosea kitu."

Hapo Kisilu alilia. Ndungu alimwacha alie, akainuka akanunua machungwa, akarudi.

"Siwezi kukukamata," alisema. "Kuogopa si kosa kwa sheria. Aliyedanganya polisi ni Mbuvi. Ukitaka kubaki hapa, baki, nami nitarudi Kitui niseme nimekuona, mkubwa wangu aseme nimeota. Kesho asubuhi Ahmednur atakwenda kortini. Gari ile pale."

Aliondoka bila kugeuka. Aliketi kwenye usukani, akamenya chungwa moja lote, kipande baada ya kipande, na alikuwa amebakiza kipande cha mwisho mlango wa pili ulipofunguliwa. Kisilu aliingia, akauweka mkoba sakafuni, akaifunga kamba mguuni. Njia nzima hawakusema ila mara moja.

"Kavata anafanya nini?"

"Anasuka."

"Amefika wapi?"

"Karibu na mdomo."

Jumatatu asubuhi mkubwa wa Ndungu alimtazama Kisilu toka kichwani hadi viatuni, akasema neno moja lisilofaa kuandikwa, akatia sahihi. Ahmednur akatoka.

Watu husema afadhali mambo kama hayo yamalizikie ofisini. Lakini kwao Kisilu hakukuwa ofisini. Ndungu aliwapakia wote wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, akawapeleka Migwani. Ilikuwa siku ya soko.

Alisimamisha gari mbele ya duka lililopigiliwa mbao. Nyumba ya Kisilu ilikuwa ng'ambo, na kati yake na duka lilikuwapo soko zima, wenye kunde na wenye kuku, watu wale wale walioimba wakimsindikiza. Mwanamke mmoja alimwona akishuka, akaangusha debe. Kisha jina likaanza kupita. Mwanzoni lilipita kwa mshangao. Lilipomaliza kuzunguka, lilikuwa limebadilika.

"Tulikulilia!" mtu alipaza sauti. "Ulikuwa wapi sisi tukikulilia?"

"Tulipiga watu mawe kwa sababu yako!"

Vijana wawili walikuwa wameinama, na hawakuinama kuokota kunde. Ndungu alishika mkanda wake. Alijua kwa yakini kwamba hawezi kuwazuia watu wote wale. Kisilu alirudi nyuma hadi mgongo ukagota kwenye bati la gari, uso wake umekuwa wa kijivu, ule ule, bila shaka, uliotazama maji ya lori la Garissa.

"Mzee Ahmednur," alisema kwa sauti iliyokatika, "sina uso wa kukuangalia."

Ahmednur alikuwa amesimama akitazama maandishi ya makaa kwenye duka la baba yake. Aligeuka. Hasira ilikuwa wazi usoni mwake, na hakujaribu kuificha.

"Ulikunywa chai kwangu?"

"Nilikunywa."

"Ulifika ulikokuwa unaenda?"

"Sikufika."

"Umerudi kwako?"

"Bado."

"Basi wewe ni mgeni wangu bado. Kaa nyuma yangu."

Ndungu akapiga hatua kuwafuata. Ahmednur alimzuia kwa mkono, bila hata kumtazama, akaingia sokoni. Alitembea katikati kabisa, hakuchagua pembeni, mwendo wa mtu anayekwenda kuswali, na Kisilu nyuma yake hatua moja. Kila waliposogelea kundi, Ahmednur alisema kwa Kikamba chake kizuri, kwa sauti ya kawaida ya dukani, kwamba huyu ni mgeni wake na wampishe. Nao, sijui kwa aibu au kwa kukosa la kusema kwa mtu waliyempiga mawe bure, walimpisha. Mmoja wa wale vijana alifungua mkono, kilichokuwamo kikaanguka.

Nyuma ya Ndungu misumari ililia. Nadifa alikuwa akibandua ubao wa kwanza kwa nyundo. Ndungu alimsaidia wa pili na wa tatu. Kutoka dukani waliweza kuona hadi ng'ambo.

Kavata alikuwa mlangoni mwake, kiondo mapajani. Hakuinuka. Ahmednur alisema maneno machache, akaweka mkono kifuani, akageuka kurudi peke yake. Kisilu alibaki amesimama uani kama mgeni aliyekosea nyumba. Alisimama sana. Mwishowe Kavata alinyoosha mkono akaonyesha chini, miguuni mwake.

Kisilu aliinama, akafungua kamba, akavua viatu. Kavata alijisogeza akampisha mlango.

Nadifa alikuwa ameingia ndani, akatoka na birika na kikombe kimoja, na kigoda amekibana kwapani. Alikiweka kigoda mbele ya Ndungu.

"Kaa unywe, Inspekta. Na wewe uko mbali na kwenu."

Ndungu aliketi. Tangu aje Kitui hakuna aliyekuwa amemkaribisha chai kama mgeni. Chai ilikuwa ya moto, yenye iliki nyingi. Aliimaliza yote, akakishika kikombe kitupu kwa mikono miwili, akangoja kuona kama ataulizwa aongezewe.